Niliufundisha Mkono Usiokuwapo

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani miaka yote ile, nawajibu kwamba nilifundisha wenye mkono mmoja kufungua ule mwingine. Wengine wanacheka, wengine wananiangalia kwa huruma, wakidhani uzee umeanza kunicheza. Chekeni tu. Ninyi mnaotoka shuleni sasa hivi, mnaojua majina ya misuli yote kwa Kifaransa, kuna siku mtaketi mbele ya mtu aliyekatwa mkono, mtamwambia "fungua," naye atawatolea macho akingoja mmwambie afungue nini. Siku hiyo mnikumbuke.

Mimi nilikuwa kine. Kwa asiyejua, kine ni yule wa hospitali anayekunyoosha viungo baada ya ajali au kiharusi, huku ukimtukana kimoyomoyo. Hapa Lubumbashi waliniita Mama Kine mpaka jina la ubatizo likapotea. Hata padri wetu alinitangaza hivyo altareni, na hakuna aliyeuliza ni nani. Baba alikuwa mtu wa reli, aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga, na masista ndio walionifundisha hiki Kiswahili cha kitabu ninachowaandikia. Lakini watu wangu nitawaacha waseme kama walivyosema. Mwadi akiongea Kiswahili cha kitabu hatakuwa Mwadi tena.

Huyo Mwadi nitamfikia. Kwanza kazi yenyewe.

Mashine tuliyoletewa na mradi wa wafadhili ilikuwa kompyuta ya kawaida na vidude viwili vya kubandika kwenye kigutu, chini ya kiwiko. Kimoja kinakaa juu ya msuli unaofunga vidole, kingine juu ya ule unaofungua. Vidole vimekwenda, lakini misuli yao iko bado pale, inangoja kutumwa. Mtu akitaka kufunga mkono ule ambao hana, msuli unakaza, kidude kinasikia, na kwenye skrini mkono wa kuchorwa unafunga. Akizoea hapo, siku mkono wa bandia wenye mota ukifika, atauendesha kwa misuli ile ile. Ni hayo tu. Kuyaeleza ni rahisi, na ndiyo maana wakubwa wa miradi wanapenda kuyaeleza.

Shida ya kwanza ilikuwa mafuta. Kidude hakishiki kwenye ngozi yenye mafuta, basi nikawaambia wagonjwa: kesho mje bila kujipaka. Eh, nilikuwa nimesahau niko wapi! Ni mwanamke gani wa Lubumbashi atakayetoka nyumbani kwenye baridi ya mwezi wa sita, ngozi imepauka, apite mbele ya majirani? Kesho yake walikuja wamejipaka mwili mzima wanang'aa, isipokuwa kigutu peke yake, cheupe kwa ukavu, kimefungwa kitambaa kisionekane njiani. Tangu hapo niliacha kutoa amri. Waache wajipake. Wewe uwe na pamba na alkoli, futa pale pa kubandika tu, kisha gusisha tone la maji, maana ngozi kavu kabisa nayo haisemi kitu. Ukimaliza, mrudishie mafuta uliyomfuta. Hilo hamtalikuta darasani, lakini mtu aliyerudishiwa mafuta yake anarudi kesho.

Shida ya pili ilikuwa michezo. Ndani ya kompyuta waliweka michezo ya kufundishia: mpira unashuka, unaudaka, kikombe kiko mezani, unakiinua. Tulikuwa na dereva mmoja wa malori, mtu wa majigambo, ambaye kwa kukaa sana kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa alikuwa anajua kila mchezo wa simu uliopo duniani. Akawapita wote. Kila asubuhi anaingia na kelele.

"Mama Kine, miye njo champion! Mulete mukono sasa, tumalize!"

Mkono wa kweli tulikuwa nao mmoja tu, wa kujaribia, wenye mota na vidole vyeusi. Ile mingine ilikuwa imeagizwa ng'ambo, kila mtu wake, na tuliambiwa iko njiani. Nikamvalisha dereva ule mmoja, nikamwekea mezani kikombe cha plastiki chenye chai. Akakidaka kama alivyokuwa anadaka mipira. Chai yote ikaishia kwenye suruali ya Gédéon, kijana wa kompyuta ambaye mradi ulitutumia kutoka Kinshasa, na siku hiyo nilijifunza matusi ya Kilingala ambayo masista hawakunipa.

Kwenye skrini kikombe hakina uzito, wala hakiumii. Na mkono wa mota nao hausikii kitu, hauna ngozi. Basi mpe mtu chupa tupu ya maji, zile laini zinazotupwa barabarani. Akiibana kupita kiasi, inalia. Mwambie aisikilize, ailize kidogo, aache, ailize tena. Masikio yanachukua kazi ya ngozi. Champion wetu alikaa na chupa zake wiki nzima, amenuna, lakini alijifunza.

Tabia yangu ya kuuliza kigutu maswali sikuitoa kwenye kompyuta. Niliipata kwa Fundi Kalenga, mchonga mikono wa hospitali yetu, miaka mingi kabla, wakati kampuni kubwa ya madini ilipoanguka. Kampuni ile ilitulisha, ilitusomesha, na ilituzika pia, na ilipoanguka tulisimama tukiangaliana. Posho ya unga ikakoma. Hospitali ikabaki kuta na vitanda. Wenye nguvu walipora, wenye aibu waliuza masufuria. Fundi Kalenga aliendelea kuja kazini kila siku, amevaa tai, akichonga mikono ya miti na kuikatia mikanda kutoka kwenye mipira mibovu ya mgodini. Mikono yake ilikuwa ya kuendea misa ya Jumapili. Ilipendeza sana ndani ya koti, lakini haikuweza kushika hata kitabu cha nyimbo. Mwenyewe alijua, alikuwa anacheka nayo.

"Hii iko mukono ya dimanche," alikuwa anasema. "Siku ingine kabisa hapana."

Lakini kabla hajapima kigutu alikuwa anasugua viganja vyake kwanza mpaka vipate moto, kisha anakishika, anatulia. Halafu anauliza: "Ile mukono yenyewe, sasa hivi iko nafanya nini?" Mara ya kwanza nilidhani anatania. Mgonjwa akajibu bila kusita: "Iko nashika nyundo, fundi." Mkono ulikuwa umekatwa zamani, umezikwa, na ulikuwa bado unashika nyundo. Tangu siku ile sikumgusa mtu bila kumuuliza, na ninyi msiguse bila kuuliza.

Basi, Mwadi.

Mwadi alikuwa mama wa makamo, wa familia ya reli kama yetu, mwembamba, mwenye maneno machache na makali. Alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga mahindi, kule Kasungami. Yeye ndiye aliyeshika mdomo wa mfuko pale unga unapotoka. Siku moja mkanda wa mashine ulimshika mkono wa kuume, na kwa mujibu wa wote waliokuwepo hakuna aliyemkosea; kitambaa chake kilining'inia, basi. Mume alikuwa ameingia mashimo ya Kolwezi kutafuta madini, na salamu zake zilikuwa zimekauka. Watoto wake walikula unga wa kufagia, ule unaobaki chini ya mashine jioni, ambao ni haki ya mwenye kushika mfuko. Bila nafasi ile, hakuna unga.

Mwenye mashine alikuwa Patron Kambale, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, kule Kivu, mtu wa sala asubuhi na jioni, ambaye hakuwa mbaya. Alikuja mwenyewe hospitalini, akasimama miguuni pa kitanda, akasema mbele yangu: "Mama Mwadi, nafasi yako nitaichunga mpaka mahindi ya mupya itoke. Ile siku ukuye na kitu ya kushika mufuko. Siwezi kuweka bantu babili pa kazi ya muntu moya." Mwadi akajibu, "Nimesikia, patron." Kwa hiyo tulijua wote tunakimbizana na nini. Mahindi yalikuwa shambani yanakomaa, na sisi tulikuwa na skrini.

Nikamuuliza swali la Kalenga.

"Inashika," akasema. "Tangu siku ile iko nashika mufuko. Haifunguke, Mama Kine. Makucha inaingia mu nyama. Hata usiku."

Nikambandika vidude, Gédéon akawasha. Kwenye skrini ikatokea ngumi. Ngumi ile ikakaa pale. Nikamwambia fungua, ngumi. Pumua, legeza bega, fungua, ngumi. Jasho linamtoka, meno yamekazwa, na kadiri anavyojitahidi ndivyo ule mkono wa kuchorwa unavyozidi kukaza. Msuli wa kufunga ulikuwa unapiga kelele mchana kutwa. Ule wa kufungua ulikuwa kimya kabisa, mstari wake umelala chini ya skrini. Gédéon akapandisha nguvu ya vidude. Hakuna kitu. Nilimwonyesha mkono wangu mwenyewe, nikamwekea kioo cha saluni ili mkono mzima uonekane kama wa pili, nikamwimbia. Wiki zikaenda. Nilikasirika naye, nikakasirika na kompyuta, siku nyingine nikatoka nje kukasirika peke yangu.

"Mama Kine," akaniambia siku moja, "weye unasema fungua, fungua. Kama ningejua kufungua, ningekuwa hapa?"

Alisema kweli.

Asubuhi moja tumekaa hivyo hivyo, ngumi iko kwenye skrini, mlango ukafunguliwa bila hodi. Akaingia mama mkwe wake. Alikuwa ameshuka na lori la samaki kutoka Kasomeno, kikapu kichwani, hajamwona mkwewe tangu ajali. Mwadi hakumtazama usoni. Aliteremka kwenye kiti, nyaya zote zikamfuata, akapiga magoti, akainamisha kichwa, akapiga makofi ya heshima, polepole, kama wanavyofundishwa wasichana wetu kabla hawajajua kupika: kiganja cha kushoto kimekunjwa kidogo, na mbele yake kile kigutu, kinakutana nacho bila sauti.

Gédéon akapiga kelele kama ameungua. Nikageuka. Kwenye skrini mkono ulikuwa wazi. Vidole vyote vimenyooka, vimekunjwa kidogo pale mwisho, kama bakuli. Anapiga, unafungua. Anapiga, unafungua.

Hakuna mwanamke wa kwetu anayeweza kumsalimia mama mkwe kwa ngumi. Hata mkono uliokatwa ulikuwa unaijua aibu hiyo.

Yule mama alisimama na samaki wake akiangalia skrini.

"Ile mukono iko ya nani?"

"Ya bibi ya mutoto yako, mama," nikamwambia.

"Na juu ya nini iko mu televizyo?"

"Iko najifunza."

"Yo! Ijifunze na kupika, basi."

Mwadi alikuwa bado chini, anapiga makofi, machozi yanamshuka mpaka kidevuni. Nilidhani ni aibu. Baadaye akaniambia kwamba ni wakati ule makucha yalipotoka kwenye nyama. Mimi nami nililia, sitaficha, nikasingizia moshi wa samaki.

Toka siku hiyo tuliacha kabisa neno "fungua." Tulisalimiana. Niligeuka kuwa mama mkwe wa kila mtu. Asubuhi naingia, nimejitanda kitenge kama nimetoka safari, wagonjwa wanapiga makofi na vigutu vyao, na mikono inafunguka kwenye skrini. Wanaume walikataa kwanza. Yule dereva akasema yeye mama mkwe wake anamkwepa, hamsalimii. Tukampa Gédéon awe baba mkwe, amekaa kwenye kiti, amevimbisha mashavu, anauliza habari za mahari. Tulicheka mpaka watu wa maabara wakaja kuuliza kuna nini. Kidogo kidogo Mwadi hakuhitaji tena kupiga magoti. Alikuwa anasalimia moyoni tu, na mkono unafunguka. Akaanza kulala usiku. Uso wake ukarudisha nyama.

Nikamtengenezea ala yake, ile sehemu ya kuingizia kigutu, kama ala ya kisu. Hapo msiharakishe, vijana: kigutu cha asubuhi na cha jioni havilingani, pimeni vyote viwili. Ala ikamkaa. Tukaiunga na ule mkono wa kujaribia, akashika chupa, akaachia chupa, akashika mfuko mtupu, akauachia. Mahindi yalikuwa yanakaribia kuvunwa. Tulichongoja ni mkono wake mwenyewe kufika kutoka ng'ambo.

Ndipo mambo yalipoanza kubomoka, kwa mpangilio wa kawaida wa jinsi mambo yanavyobomoka hapa kwetu, yaani kila upande kwa siku moja. Vita vya mashariki vikashuka mjini kwetu kwa njia ya watu. Wafanyabiashara wa Kivu wakafunga maduka ili wakae karibu na simu; ndugu zao wakaanza kufika na vifurushi, wengine na watoto wasiokuwa wao. Benki za kule zikafungwa, barabara zikakatika, na bei za hapa zikapanda kana kwamba risasi zinapigwa Kasungami. Halafu Ijumaa moja Gédéon akafika na simu mkononi, hajatusalimu. Nchi iliyokuwa inatoa fedha za mradi ilikuwa imeamua kuacha. Ujumbe ulikuwa mfupi: simamisheni kila kitu, fungeni vifaa vyote kwenye masanduku, gari litavichukua kesho. Mikono iliyoagizwa haikuwa njiani. Haikuwa imetoka hata kiwandani.

Mwadi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, tayari amefutwa mafuta. Gédéon akamweleza kwa Kifaransa, kisha kwa Kilingala, kisha akashindwa, nikamweleza mimi.

Hakulia. Aliangalia ule mkono mweusi juu ya meza.

"Na hii?"

"Nayo inaenda."

"Inaenda lini?"

"Kesho."

"Alors leo iko bado hapa," akasema, akanyoosha kigutu ili nimvalishe.

Nilielewa anachotaka, na Gédéon naye akaelewa. Alikuwa kijana mzuri. Akaanza kukunja nyaya, ametupa mgongo. "Mimi sijaona kitu," akasema. "Nafunga sanduku jioni."

Tukapanda teksi. Njiani hatukusema lolote, yeye amefunika mkono kwa kitenge, mimi nasali rozari bila rozari.

Mashineni watu walikuwa wengi. Mahindi mapya yalikuwa yameanza kuingia, na yale ya Zambia yalikuwa hayapiti tena vizuri mpakani, kwa hiyo kila mwenye ndoo alikuwa pale. Patron Kambale alikuwa amekonda. Malori yake mawili yalikuwa yamekwama upande wa vita, na mdogo wake hakuwa anapatikana. Pembeni alisimama kijana mmoja mwenye nguvu, mikono miwili, aliyeitwa kuja kuanza kazi.

"Patron," Mwadi akasema, "nimekuya na kitu ya kushika."

Akafunua kitenge. Mstari mzima wa wanawake ukasema "Yo!"

Kitu kimoja nilikuwa nimekisahau: kelele. Masikio niliyomfundisha yatumike badala ya ngozi, pale hayakuwa na kazi. Mashine ilikuwa inanguruma usisikie hata jina lako. Mara ya kwanza vidole vilishika kitambaa kidogo mno, mfuko ukateleza, unga ukamwagika. Mwenye unga akashika kichwa: "Bunga yangu, mayo!" Kisha nikaona Mwadi anaacha kusikiliza, anaangalia. Aliangalia mikunjo ya kitambaa kati ya vidole vile vyeusi, akabana mpaka mikunjo ikatulia, akaashiria kwa kichwa unga uachiliwe. Unga ukashuka. Mfuko ukajaa. Ikabaki kuachia, ambako ndiko kugumu. Magoti yake yakakunjika kidogo sana, mtu mwingine asingeona, na mkono ukafunguka. Mfuko ukasimama wenyewe, umejaa, haukumwagika hata punje.

Akajaza mwingine, na mwingine. Patron Kambale alizima mashine ili kila mtu asikie, maana ndivyo alivyokuwa, mtu wa kusema mbele ya watu.

"Lundi," akasema, yaani Jumatatu. "Saa ya kawaida. Nafasi ni yako." Na yule kijana akaambiwa arudi nyumbani.

Tuliporudi, Mwadi alikaa akasugua unga kutoka kwenye viungo vya vidole, kimoja kimoja, kwa mswaki mkavu, kwa kuwa mota haitaki maji. Kisha akaniomba nimvue. Gédéon alipokea mkono ule bila kumtazama usoni, akaulaza sandukuni. Jumamosi gari likaja likachukua kila kitu, na mlango wa karakana yangu ukatiwa kufuli na mtu ambaye sikumjua. Vyombo vyangu vyote vilibaki ndani. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Hakuna aliyetoa hotuba.

Kabla sijaachana na Mwadi Ijumaa ile, nilimuuliza: "Na lundi utamwambia patron nini?"

"Nitamwambia bonjour."

Jumatatu nilikwenda Kasungami mwenyewe. Sikuwa na kazi nyingine, na niliogopa, nasema wazi. Niliogopa aibu ambayo angeipata mbele ya watu wote wale, na nilijua mkono ule nilikuwa nimemvalisha kwa mikono yangu. Nilimkuta Mwadi amesimama mahali pake, amevaa kitambaa cha kichwa kilichokazwa vizuri, kigutu wazi. Wanawake wamejipanga. Patron Kambale anamwangalia.

"Mukono iko wapi?"

"Ilirudia kwabo, patron. Kazi yao ilifungwa."

"Weye ulijua ile siku?"

"Nilijua."

"Na Mama Kine alijua?"

Nikasema nilijua. Uso wake ukabadilika rangi.

"Munanicheka," akasema. "Nyiye babili mulikuya kunicheka mu mashine yangu, mbele ya bantu."

"Ulisema lundi, patron," Mwadi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Ulisema mbele ya bantu. Leo iko lundi. Uliona miye najua ile kazi."

Akachukua mfuko, akaingiza kigutu kwenye mdomo wa mfuko huo, upande mwingine akaushika kwa mkono wa kushoto, akaupeleka chini ya mashine. Ulining'inia kombo. Mtu yeyote angeona kwamba nusu ya unga ingekwenda chini. Patron Kambale akatazama mfuko, akatazama kigutu, akatazama ule mkanda wa mashine. Midomo yake ilikuwa inasogea. Sijui kama alikuwa anasali au anatukana.

"Huko kwetu banafunga njia," akasema hatimaye, na sikujua anamwambia nani. "Banafunga banki. Kwenu banafunga mukono. Kila muntu iko nafunga."

Akageuka akaenda ghalani. Nilijua anakwenda kumpigia simu yule kijana. Mwadi naye alijua. Aliuweka mfuko chini, akakiondoa kigutu, akaanza kukilegeza kitambaa chake cha kichwa kama mtu anayejiandaa kwenda nyumbani.

Patron alirudi na nyundo, na misumari miwili mikubwa ya kupigia paa.

"Simama vile unasimamaka," akamwambia. "Urefu gani?"

Mwadi alimwangalia kidogo. Kisha akasogea ukutani, kwenye nguzo ya mti iliyo kando ya mdomo wa mashine, akainua kigutu mpaka kifuani, akakigusisha kwenye nguzo.

"Hapa, patron. Musumari ikishika mufuko upande huu, ule mwingine nitashika miye."

"Shika musumari."

Akashika msumari kwa vidole vya mkono wa kushoto, ncha pale kigutu kilipogusa, na patron akainua nyundo. Ilikuwa nyundo nzito, na miwani ya patron ilikuwa imejaa unga.

"Piga muzuri, patron," Mwadi akasema. "Nilibakia paka na hii moja tu."

Patron Kambale akashusha nyundo. Akavua miwani, akafuta unga kwenye vioo kwa shati lake, akaivaa tena, akasogea karibu, ndipo akapiga.